Topiki sio swali: jinsi ya kuibana mada pana mpaka itoe swali la risechi linalojibika

Ukikaa karibu na wanafunzi wa mwaka wa tatu au wa masta kipindi cha propozo utaisikia hii kila siku. Mtu anaulizwa unafanya risechi kuhusu nini, anajibu "mimba za utotoni", mwingine "mitandao ya kijamii na vijana", mwingine "bodaboda", supavaiza anamwambia hiyo ni pana mno nenda kaipunguze, na wiki inayofuata anarudi na "Mambo yanayochangia mimba za utotoni Tanzania: mfano wa Manispaa ya" halafu jina la manispaa anayoishi. Anaamini kabisa amepunguza. Supavaiza ana wanafunzi wengi, amechoka, anasaini, na mwisho wa mwaka kinatoka kitabu cha kurasa 80 kinachosema sababu ni umaskini, uelewa mdogo, malezi na utandawazi, na mapendekezo ni serikali itoe elimu kwa jamii.

Mimi hili jambo linaniuma kwa sababu watu hao sio wavivu. Wametembea juani na madodoso, wameingia SPSS, ile programu ya kuchambua takwimu, usiku wa manane, wamelipa stationari mpaka shilingi ya mwisho, na kazi yote hiyo imeishia kwenye majibu ambayo wangeweza kuyaandika siku ya kwanza bila kutoka chumbani. Tatizo lilianzia kwenye swali, na swali liliharibika pale mtu alipodhani kuweka mpaka wa wilaya kwenye mada ndio kuipunguza. Umepunguza umbali wa kutembea tu, mada bado ni ile ile na bado haijauliza kitu.

Tuanze na tofauti yenyewe maana wengi wanairuka. Topiki ni eneo, ni jina la kitu unachokipenda au kinachokusumbua. Swali ni sehemu ndani ya hilo eneo ambapo mtu mwenye akili timamu aliyesoma vizuri anaweza kukujibu A na mwingine aliyesoma vizuri vilevile akakujibu B, na kuna ushahidi unaoweza kupatikana ukaonyesha nani yuko karibu na ukweli. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia mimi nikisoma propozo ya mtu. Ukiniuliza "mambo gani yanachangia mimba za utotoni" hakuna jibu linaloweza kumshangaza mtu, kila kitu kinachangia, umaskini unachangia, umbali wa shule unachangia, simu zinachangia, na hata ukikuta kwenye manispaa yako kitu fulani hakichangii hakuna aliyekuwa amebisha. Utafiti ambao hauwezi kukuangusha hauwezi kukufundisha pia.

Sasa mfano mzuri wa swali lililobanwa sawasawa upo hapa hapa nyumbani na aliyelibana alikuwa mwanafunzi wa sekondari. Erasto Mpemba mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba, kule Lushoto. Vijana pale walikuwa wanatengeneza aiskrimu, unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe ndipo unaweka kwenye friji, na nafasi kwenye friji zilikuwa za kugombania. Siku hiyo mwenzake mmoja ili awahi nafasi akaweka maziwa yake bila kuchemsha kabisa, na Mpemba kuona hivyo naye akaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya kama saa moja na nusu wakaenda kuangalia, ya Mpemba yameshaganda, ya mwenzake bado ni uji mzito.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa umechanganyikiwa, haiwezekani. Angeweza kuishia hapo. Lakini akaendelea kuuliza, na baadae alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena darasani wakaishia kumcheka, wakasema hiyo ni fizikia ya Mpemba sio fizikia ya dunia. Akaingia maabara mwenyewe akajaribu kwa maji. Halafu akaja mgeni, Dokta Denis Osborne kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, akatoa mhadhara pale shuleni, na ilipofika zamu ya maswali Mpemba akasimama akauliza hivi, kwa maneno yangu: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye ujazo sawa wa maji, kimoja maji yake yana nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friji kwa pamoja, kile kilichoanza na nyuzi 100 kinaganda kwanza, kwanini?

Litazame hilo swali taratibu. Alipoanza Magamba lilikuwa la maziwa ya moto na maziwa ya baridi. Maziwa yana mafuta, yana sukari, yamechemshwa au hayajachemshwa, vyombo vya wanafunzi viko tofauti, mtu yeyote anayetaka kumkatalia ana pa kushikia. Alipofika kwa Osborne maziwa yamekuwa maji, "moto" na "baridi" vimekuwa namba mbili, vyombo vinafanana, ujazo ni sawa, friji ni moja, muda wa kuweka ni mmoja. Amefungia kila kitu kisichohusika ili kibaki kitu kimoja tu kinachotofautiana, joto la kuanzia. Hakuandika "mambo yanayochangia kuganda kwa vimiminika: mfano wa Shule ya Sekondari Magamba". Na kwa sababu swali lilikuwa hivyo Osborne hakuhitaji kumwamini wala kutomwamini, alirudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara ajaribu, na fundi akamletea majibu kwamba kweli ya moto yameganda kwanza ila watarudia jaribio mpaka wapate majibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja kwenye jarida la Physics Education na leo dunia nzima inaita jambo hilo jina la Mpemba, ingawa wanafalsafa Aristotle na Francis Bacon walishagusia kitu cha namna hiyo zamani sana.

Na hapo pana somo la pili ambalo halitajwi sana. Mpaka leo wanafizikia wanabishana kama jambo hili lipo au halipo, na sehemu kubwa ya ubishi iko kwenye neno "kuganda". Ni pale maji yanapofika nyuzi sifuri? Au barafu ya kwanza inapoonekana? Au chombo kizima kikiwa jiwe? Mwaka 2016 watafiti Henry Burridge na Paul Linden wakapima muda wa maji kufika sifuri, wakasema hawaoni ushahidi wa maana, na wakaonyesha kwamba hata kipimajoto kikikaa juu kidogo au chini kidogo ndani ya chombo majibu yanaweza kubadilika. Wengine wanapima kitu kingine wanapata kingine. Yaani hata swali lililobanwa vizuri kiasi kile liliacha mlango mmoja wazi, matokeo yenyewe yanapimwaje, na mlango huo ndio watu wanaupita miaka yote hii. Kwahiyo ukishaandika swali lako tafuta neno linalobeba matokeo, iwe "ufaulu", "mafanikio", "ufanisi", "uelewa", "ustawi", ujiulize nikikutana nalo barabarani nitalitambuaje.

Turudi kwenye mimba za utotoni, nataka tuibane mada hii mwanzo mpaka mwisho kwa sababu ni nzito, inagusa maisha ya watu, na inastahili maswali mazuri kuliko inayopata.

Hatua ya kwanza ni kujua nini kimeshajibiwa ili usipoteze mwaka kujibu tena. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu, ule TDHS, wa 2015-16 ulionyesha asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, wa 2022 ukaonyesha asilimia 22. Katika ule wa 2015-16 Katavi ilikuwa asilimia 45, Zanzibar kwa ujumla 8. Kwahiyo swali la "je tatizo lipo na ni kubwa kiasi gani" limeshajibiwa na watu wenye sampuli ya maelfu ya kaya, wewe na madodoso yako 100 huwezi kuongeza kitu hapo. Lakini angalia, namba hizo hizo zina vitu vinavyosumbua. Kwanini Katavi na Zanzibar zimepishana hivyo? Nini kilishusha asilimia hiyo kati ya 2016 na 2022? Mahali ambapo namba au maisha yanakataa kukaa sawa ndipo swali linapozaliwa, na ndio maana huwezi kubana mada ukiwa umekaa na karatasi tupu. Lazima usome kwanza, hata kama ni ripoti tatu na makala tano, usome mpaka kitu kikukwaruze.

Tuchukue kinachonikwaruza mimi. Tanzania Bara kwa miaka mingi msichana akipata mimba shule ilikuwa basi, kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi zilitumika kumuondoa, mwaka 2017 Rais Magufuli akiwa Chalinze akalisema hadharani kwamba hatarudi shule. Tarehe 24 Novemba 2021 waziri wa elimu wakati huo, Joyce Ndalichako, akatangaza kwamba wanaruhusiwa kurudi. Zanzibar walisharuhusu tangu 2010, Kenya tangu 1994. Sasa mlango umefunguliwa, tena iko milango miwili, kuna kurudi darasa la kawaida, na kuna njia mbadala kupitia vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ambako mtu anasoma nje ya mfumo wa kawaida na kufanya mtihani. Nani anapita wapi, na nani anabaki nje?

Mwanafunzi wa kwanza hapa ataandika "Je, sera ya kuwarudisha shuleni wasichana imefanikiwa?" Ni afadhali kuliko mambo yanayochangia, maana angalau kuna kitu kimoja kinaulizwa. Ila "imefanikiwa" ni lile neno la kuganda. Wangapi wakirudi tuseme imefanikiwa? Akirudi mwezi mmoja akaacha tena tunamhesabu? Wa pili ataandika "Kwanini wasichana hawarudi shuleni baada ya kujifungua?" na hili linavutia, lakini tayari limeshaamua kwamba hawarudi, halafu majibu yatakuwa orodha ile ile, aibu, umaskini, wazazi. Orodha haikusaidii kwa sababu hujui kipi kati ya hivyo kinafanya kazi na kipi kipo tu, msichana aliyerudi na asiyerudi wote wawili wanaweza kuwa maskini na wote wana aibu.

Kwahiyo weka kulinganisha, kama Mpemba na vyombo viwili. Wasichana waliorudi darasa la kawaida upande mmoja, waliokwenda njia mbadala upande wa pili, wote walikatiza sekondari kwa sababu ya mimba, wote baada ya Novemba 2021. Wanatofautiana kwenye nini? Hapo sasa unahitaji kubahatisha kwa akili, yaani kutoa wazo lako linaloweza kukosea. Ongea na mwalimu wa malezi na ushauri, ongea na mama mmoja au wawili mtaani, utasikia habari ambayo kwenye vitabu inapita haraka haraka: mtoto anabaki na nani saa moja asubuhi? Kama bibi yupo na ana nguvu na hauzi sokoni, msichana anaweza kuvaa yunifomu. Kama bibi ndiye anayetafuta chakula cha wote, hakuna yunifomu itakayosaidia, na darasa lenye ratiba nyepesi ndilo linalowezekana. Hilo ni wazo, linaweza kuwa si kweli, na hiyo ndio raha yake.

Swali linakuwa hivi: kati ya wasichana waliokatiza masomo ya sekondari kwa mimba baada ya Novemba 2021, upatikanaji wa mtu wa kubaki na mtoto saa za shule una nafasi gani katika kuamua kama wanarudi darasa la kawaida au wanakwenda njia mbadala? Ni refu, najua, mtalipunguza maneno baadae. Lakini liulize kama linaweza kukuangusha. Ukikuta pande zote mbili wana walezi sawa sawa, wazo lako limeanguka, na kuanguka huko ni matokeo makubwa, maana utaanza kuona labda anayeamua ni mkuu wa shule anayewaelekeza kimya kimya waende njia mbadala, au ni msichana mwenyewe hataki kukaa dawati moja na wadogo zake. Kila jibu lina mtu wa kuambiwa. Likiwa la walezi anayehusika ni mtu wa kituo cha kulelea watoto karibu na shule, likiwa la wakuu wa shule anayehusika ni halmashauri. Jibu la "umaskini" haliendi kwenye meza ya mtu yeyote.

Na sasa ndio eneo linaingia, mwisho, sio mwanzo! Unahitaji mahali ambapo milango yote miwili ipo karibu, yaani kuna sekondari za serikali na kuna kituo cha njia mbadala ambacho msichana anaweza kukifikia kwa miguu au kwa daladala moja, kwa sababu mahali ambapo mlango ni mmoja hakuna kuchagua na swali lako linakufa. Hiyo ndio sababu ya kuandika kwenye chapta ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, kwanini umechagua wilaya ile. "Kwa sababu mtafiti ni mkazi wa eneo hilo" ni sababu ya nauli, na nauli ni kitu cha kweli siikatai, ila haiwezi kuwa ndiyo peke yake.

Hapa nigusie na ile habari ya gepu, yaani pengo ambalo tafiti zilizopita hazijalijaza, maana inaharibu watu wengi. Mtu anasoma machapisho, anaona utafiti umefanyika Mwanza, umefanyika Mbeya, anaandika "hakuna utafiti uliofanyika Kibaha, hivyo kuna gepu". Kibaha kuna nini kinachoweza kufanya jibu liwe tofauti na la Mbeya? Ukiweza kulijibu hilo una gepu, tena nzuri. Usipoweza, hujaonyesha kitu zaidi ya kwamba ramani ya Tanzania ina wilaya nyingi. Gepu ya kweli mara nyingi iko kwenye makala mbili zinazogongana, au kwenye ile aya ya mwisho mwisho ambapo mwandishi anakiri kwamba hakuweza kuwafikia kundi fulani, au kwenye sera iliyobadilika baada ya tafiti zote kuandikwa. Tafiti kuhusu mimba shuleni za kabla ya 2021 ziliandikwa kwenye dunia ambayo msichana alikuwa haruhusiwi kurudi, hiyo peke yake ni gepu inayotosha watu 20.

Kitu kingine, angalia kitenzi na nomino mliyoweka mbele ya swali kwa sababu ni ahadi unayoitoa. Ukiandika "athari za" umeahidi kuonyesha kwamba hiki kimesababisha kile, maana yake unahitaji kabla na baada, au waliopata na wasiopata, na uondoe maelezo mengine yote. Mtu wa masta mwenye mahojiano 15 hawezi kupima athari, hawezi tu, na wajumbe wa vaiva, yaani wanaomhoji wakati wa kuitetea kazi yake, wakimshika hapo wanakuwa na haki. "Uhusiano kati ya" umeahidi namba, na namba za kutosha. "Jinsi gani" na "kwa njia zipi" zimeahidi kufuatilia mchakato, hapo mahojiano 15 ya kina yanaweza kukubeba vizuri sana. "Uzoefu wa" umeahidi kumsikiliza mtu anavyoyaona mwenyewe, sasa usije mwisho ukatuambia asilimia 73 walisema. Naona mara nyingi swali ni la mahojiano lakini kichwa cha habari kina athari kwa sababu athari inasikika kisomi, na kuanzia hapo kila chapta inagombana na mwenzake.

Kwa mfano wetu wa wasichana na walezi kuna kikwazo ambacho kitalibana swali zaidi upende usipende. Wengi wao wako chini ya miaka 18. Kamati ya maadili itataka ridhaa ya mzazi au mlezi pamoja na ridhaa ya msichana mwenyewe, na hii ni sahihi kabisa, tunaongea na watoto waliopitia mambo magumu, wengine mimba zilitokana na ukatili na mhusika anaweza kuwa ndugu wa ndani. Kisha kuna barua ya chuo, ofisi ya katibu tawala wa mkoa, mkurugenzi wa halmashauri, mkuu wa shule, kila meza ina siku zake. Kwa utafiti wa kitabibu kuna NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na mwenzetu wa Kenya anatafuta leseni NACOSTI, tume yao ya sayansi. Mtu mwenye miezi minne ya kukusanya data anaweza kuamua kuongea na ambao sasa wamefikisha miaka 18 na wakumbuke walivyoamua, au aongee na wakuu wa shule badala ya wasichana. Vyote vinakubalika, ila jua kwamba ukiwahoji wakuu wa shule swali limeshabadilika, sasa unauliza wakuu wa shule wanaamuaje nani aelekezwe wapi. Liandike upya liwe hilo. Kosa ni kubaki na swali la wasichana huku data ni ya walimu.

Kuna hofu moja naielewa sana, kwamba swali likibanwa hivi utafiti unakuwa mdogo, mtu anataka aokoe taifa halafu unamwambia aulize mtoto anabaki na nani saa moja asubuhi. London mwaka 1854 swali kubwa lilikuwa kipindupindu kinatoka wapi, na wakubwa wengi wa tiba waliamini ni hewa chafu. Daktari John Snow aliamini ni maji, lakini ukiuliza "je maji yanaleta kipindupindu" utabishana mpaka kesho maana wanaokunywa maji machafu ndio hao hao wanaoishi kwenye hewa chafu. Akapata mahali pa kubana. Kusini mwa mto Thames kampuni mbili za maji zilikuwa zimepitisha mabomba mtaa mmoja, nyumba hii inachukua kwa hawa, ya jirani kwa wale, hewa moja, kipato kinafanana. Kampuni ya Lambeth mwaka 1852 ilikuwa imehamisha mahali pa kuvuta maji ikapanda juu ya mto kabla uchafu wa jiji haujaingia, Southwark and Vauxhall ilibaki kuvuta pale pale penye maji taka. Swali la Snow likawa dogo mno: waliokufa, nyumba yao ilinunua maji kwa nani? Akatembea mlango kwa mlango kuuliza. Wiki 7 za mwanzo za mlipuko, nyumba 40,046 za Southwark and Vauxhall zilikuwa na vifo 1,263, nyumba 26,107 za Lambeth vifo 98. Kwa kila nyumba 10,000 ni 315 kwa 37. Mwanasayansi wa Ujerumani, Robert Koch, hajatangaza kimelea cha kipindupindu mpaka karibu miaka 30 baadae, na Snow alikuwa ameshaonyesha njia kwa swali la risiti ya maji. Ukubwa wa kazi yake uko kwenye mada aliyoigusa na uzito wa ushahidi, swali lenyewe linaingia kwenye mstari mmoja.

Inawezekana pia kubana kupita kiasi. "Shule ya fulani ilipokea wasichana wangapi waliorudi mwaka 2023?" Hilo unaenda ofisi ya shule unafungua rejista unamaliza kabla ya chai. Likijibika kwa namba moja au kwa ndiyo na hapana ambayo haina kwanini nyuma yake, panua kidogo, ongeza cha kulinganisha nacho.

Kuhusu kukaa na supavaiza, ushauri wangu ni usiende na topiki tatu ukamwambia achague, atachagua anayoijua yeye na wewe utaibeba mwaka mzima. Nenda na karatasi moja yenye aya ya kitu kinachokukwaruza na namba zake, swali moja, majibu mawili yanayowezekana likiwemo lile litakaloonyesha umekosea, na nani utaongea nao. Mwambie "mwalimu naomba unionyeshe linapovuja". Kwa karatasi kama hiyo hata aliyechoka anaamka, nimeshaona ikitokea, maana umempa kitu cha kubishana nacho badala ya kitu cha kusaini.

Malengo mahususi yaandike baada ya swali, na kila moja lijaribu kwa kuliondoa. Ukiliondoa na swali bado linajibika lote, hilo lengo lilikuja kujaza nafasi, litoe. Propozo nyingi zina malengo matatu ambayo ni tafiti tatu tofauti, la kwanza kiwango cha tatizo, la pili sababu, la tatu suluhisho, na hakuna hata moja linalopata muda wa kutosha. Kwa swali letu yangekuwa: kuelezea nani anabaki na mtoto katika kila kundi, kufuatilia uamuzi wa kurudi ulifanywaje na nani alikuwa na sauti, na kuangalia kama kuna waliokuwa na mlezi lakini bado hawakurudi darasani na ilikuwaje. Hilo la tatu ndilo la muhimu kuliko yote kwa sababu ndilo linalotafuta ushahidi dhidi yako. Kichwa cha habari andika mwisho kabisa, kitatoka chenyewe.

Kabla hujakabidhi jaribu swali kwa watu watatu wanne wa aina utakayowahoji, mazungumzo tu ya kawaida, kwa ruhusa zao, hayaingii kwenye data. Ukisikia wote wanakujibu kitu ambacho swali lako halikukiuliza, kwa mfano wote wanaongelea dada mkubwa na hakuna anayemtaja bibi, au wote wanasema mtoto sio shida shida ni mwalimu fulani wa zamu, rekebisha swali, rekebisha malengo, rekebisha dodoso, vyote kwa siku moja ili visipishane, na ufanye hivyo kabla faili halijafika kwenye kamati ya maadili, kwa sababu baada ya hapo badiliko la swali linataka barua mpya na kusubiri upya.